Siku Kanku Alipomkata Baba Yake

Asubuhi ya sikukuu ya tiara Kanku alipanda paani na ufagio. Alifagia vumbi jeupe lililoshuka usiku, akatandika mkeka, akaweka mtungi wa maji, sinia la kashata za ufuta na furushi la tiara za karatasi, kisha akashuka kumsaidia mama yake kupanda ngazi. Mama yake, Jivi, alipanda polepole, amelikumbatia gurudumu la mbao lililozungushiwa uzi, akipumzika kila baada ya vidato viwili vitatu. Walipofika juu walimimina chai, wakatazama angani kuona kama marehemu wameshaanza.

Walikuwa wameshaanza. Upande wa mnara wa maji tiara ya zambarau ilikuwa ikiteremka kutoka kwenye moshi, kichwa chini, uzi wake umenyooka juu yake. Jirani wa paa la tatu aliitambua mara moja. Akasema huyo ni shemeji yake, hana subira, alikuwa hivyo hivyo tangu akiwa hai, hata chai hamwachi mtu akanywa. Akaweka kikombe chini, akaenda kumpokea.

Kwingineko Gujarati watu hungoja upepo wa Januari ndipo warushe tiara. Kwetu Makanvad hatuna upepo. Tulikuwa nao, na wazee wanaukumbuka. Kiwanda cha kwanza cha vigae vya sakafu kilijengwa hapa kwa sababu udongo ulikuwa karibu. Cha pili kilijengwa kwa sababu cha kwanza kilikuwepo, na malori yalikuwa yameshaijua njia. Cha tatu kikaja kwa sababu viwili vya kwanza vilikuwa vimeshawafundisha watu kazi. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji sababu. Wenye maboksi wakasogea, wauza makaa wakasogea, wachanganya rangi wakasogea, kila mmoja akitaka kukaa ubavuni mwa mwenzake, mpaka upepo ukakosa pa kupita. Uliuzunguka mji kwa majuma kadhaa ukitafuta uchochoro, kisha ukaenda zake kijiji cha jirani. Siku hizi tiara zetu hupanda kwa joto la matanuri, ambayo hayazimwi hata sikukuu.

Moshi nao ukikosa wa kuusukuma, ufanye nini? Hupanda mpaka kimo cha minara miwili ya maji, ukatulia hapo, mzito na wa rangi ya kahawa ya maziwa. Sisi tunauita dari. Na kwa kuwa maiti zetu tunazichoma ng'ambo ya mto, moshi wa marehemu nao hupanda, ukafika kwenye dari, ukachanganyika na ule wa viwanda, ukakwama. Ndiyo maana marehemu wetu hawajaenda mbali. Sikukuu ya tiara ikifika, nao wanataka kucheza, basi wanateremsha zao kutoka juu. Wala hakuna aliyeshtuka zilipoanza kuonekana. Manispaa ilibandika tangazo moja tu, la kuwaomba marehemu wasiteremshe uzi karibu na nyaya za umeme.

Baba yake Kanku aliitwa Valji. Alifanya kazi kwenye kinu cha kusagia udongo mkavu, katika kiwanda cha tajiri Tribhovan, mpaka kifua chake kikajaa. Siku za mwisho akipigwa mgongoni kwa kiganja, vumbi lilimtoka puani, na Jivi alikuwa akilifuta kwa upande wa sari yake. Alifariki mwezi wa mvua, mwaka wa nne sasa. Tajiri Tribhovan alikuja msibani kwa heshima zote, akaweka shada la maua ya manjano, akasema kwa huzuni kwamba tumbaku ni kitu kibaya sana. Valji hakuwahi kuvuta hata sigara moja. Lakini msibani watu hawabishani na tajiri, na wengi waliokuwepo walikuwa na zamu jioni ile.

Januari iliyofuata Valji aliteremsha tiara nyekundu yenye jicho jeupe, akakata nyuzi za watu wa mtaa mzima. Hakuna aliyelalamika. Alipokuwa hai pia ilikuwa hivyo. Katika mchezo huu wa kukatana nyuzi zilizopakwa gundi na unga wa kioo, kuna watu wa kuvuta na watu wa kulegeza. Wa kuvuta humalizana haraka, wakatwe au wakate. Valji alikuwa mtu wa kulegeza. Alikuwa akikupa uzi, anakupa tena, uzi wake ukilala juu ya wako laini na mwepesi, nawe unavuta hewa tupu, mpaka unashtuka wako umeshaliwa na vioo vyake. Hakuwahi kukatwa. Wala hakuwahi kumwachia mtu ashinde kwa kumhurumia, awe mgeni, awe mkwe, awe mtoto. Kanku alipokuwa msichana wa miaka saba alilia kwa kukatwa tiara zake zote, na baba yake akamwambia asilie karibu na uzi, machozi yanalainisha gundi.

Miaka mitatu Kanku alikuwa akipanda paani kucheza naye kwa raha tu. Nusu ya furaha yake ya mwaka mzima ilikuwa siku hiyo. Alikuwa akikatwa, anacheka, anafunga nyingine, anakatwa tena, na jioni anashuka na vidole vyenye damu, roho nyeupe. Baba yupo, na anamsumbua kama zamani. Mtu atake nini tena?

Mwaka huu mambo yalikuwa mengine. Tajiri Tribhovan alikuwa amejenga matanuri mawili mapya, na yalikuwa yawashwe keshokutwa. Mji mzima ulifurahi, na nisiseme uongo, hata mimi nilifurahi, maana nina wapwa wawili wanaoshinda kibarazani. Ila dari ilikuwa imeshakuwa nzito. Mke wa marehemu Ranchhod alikaa paani tangu alfajiri akimngoja mumewe, akaona ncha tu ya tiara ikichungulia kwenye moshi, ikatikisika, ikashindwa kupenya, ikarudi. Akakunja mkeka wake, akashuka. Matanuri mapya yakiwashwa, hakuna uzi utakaoshuka tena. Aliyekwama atabaki mle mle, akikohoa, na wa kumtoa hayupo.

Njia ya kumtoa marehemu inajulikana: akatwe na damu yake mwenyewe. Mtu baki akimkata, anafunga tiara nyingine, mchezo unaendelea. Akikatwa na mwanawe au mjukuu wake, mkono unaachia kila kitu na anaondoka. Mwaka juzi binti wa fundi Jeram alimkata babu yake. Dari ilifunguka upana wa sinia, mzee akapita, ikajifunga. Basi Kanku alikuwa na siku ile moja ya kumtoa baba yake, na baba yake alikuwa mtu asiyekatika.

"Leo namtoa, mama," alisema, akijifunga plasta vidoleni.

"Utamtoa wewe?" Jivi alisema. "Huyo hata kifo kilimpata kwa kumvizia."

Ilipokaribia adhuhuri, hapakuwa na paa tupu. Muziki ulitoka kila upande, kila nyumba na wimbo wake. Watu walikuwa wakila undhiyu kwa mikono yenye gundi, viazi vikuu na mbilingani na maharage mabichi vilivyopikwa chunguni usiku kucha. Mzee Popat muuza chai alikuwa amepanda juu ya kibanda chake na kipaza sauti, kama kila mwaka, kutangaza michezo ambayo kila mtu alikuwa akiiona kwa macho yake. Na juu ya paa la kiwanda tajiri Tribhovan alikuwa amekaa na wageni wake chini ya mwavuli, miwani ya jua usoni, ingawa jua lenyewe lilikuwa doa la kahawia tu. Alikuwa ametuma boksi la jelebi kila nyumba. Zilikuwa tamu, lazima niseme.

Tiara nyekundu ilitokea juu ya nyumba ya Kanku. Ilitoka kwenye moshi kwa shida, ubavu kwanza, ikajinyoosha, ikatikisa kichwa mara mbili kama ilivyo desturi ya Valji. Jivi alijiweka vizuri nyuma ya binti yake, akalishika gurudumu kwa vipini vyote viwili. Alikuwa amelishika hivyo hivyo nyuma ya mumewe miaka yote ya ndoa yao. Sasa Valji huko juu hakuwa na wa kumshikia, na mtu angeweza kuona uzi wake ukikwama hapa na pale.

"Wapenzi watazamaji, mzee wa kulegeza ndiye huyo anaingia uwanjani!" Popat alitangaza. "Valji, bwana wee, teremka vizuri, mbona unatuonea haya kama mwali? Na wewe Kanku, binti yangu, leo hakuna cha baba wala mwana!"

Tiara ya kwanza ya Kanku ilipanda kwa joto la tanuri, ikakutana na nyekundu, ikakatwa kabla hajamaliza kutafuna kashata. Ilielea juu ikamezwa na moshi. Ya pili ilidumu zaidi. Kanku alivuta kwa nguvu, Valji akalegeza, Kanku akavuta, Valji akalegeza, na uzi ukakatika mkononi mwake kwa ulaini kabisa. Ya tatu akajaribu kulegeza naye, kumchezea mchezo wake mwenyewe. Mapaa yote yakacheka. Popat akasema huko ni sawa na kumfundisha Popat kuchemsha maji.

Alasiri ikafika na furushi limepungua. Kanku hakusikia hata mama yake akimwambia anywe maji. Alifunga tiara ya njano, akaipandisha, akaukutanisha uzi wake na wa baba yake. Safari hii hakuvuta na hakulegeza. Alishika tu.

Kanku kiwandani ni mchaguzi. Siku nzima vigae vinapita mbele yake mezani, naye anavigonga kwa kijiti cha chuma. Kizima kinalia, chenye ufa kinaguna, na ufa wenyewe haujaonekana kwa macho. Akafanya alichozoea kukifanya, akasikiliza. Na alichokisikia, kwa vidole kwanza kisha kwa masikio, kilikuwa kikohozi. Kilikuwa kinateremka na uzi. Kilianza na kubana kidogo, pumzi ikizuiwa, kisha kikaja chenyewe, kirefu na kikavu, kile kile cha chumba cha nyuma alimougulia. Na kila kilipokuja, mkono wa Valji ulijikunja, na uzi uliokuwa umelegea ukakaza kwa kitambo kifupi.

Uzi uliolegea haukatiki. Uliokaza unakatika.

Kanku alielewa mara moja na akaona aibu. Kumvizia mtu ndani ya ugonjwa wake, tena baba yako, mtaani kwetu hatuna hata jina la mchezo wa namna hiyo. Aligeuka akamwambia mama yake kile alichokisikia, na kwamba hakuona njia nyingine. Machozi yalikuwa yakimtoka, naye akiyafuta kwa bega ili yasiguse uzi.

Jivi alikohoa kidogo naye, akajibu. "Ukivuta anakohoa. Usipovuta anakohoa. Sasa wewe vuta."

Kikohozi cha kwanza alichelewa. Cha pili alivuta mapema, na uzi wake mwenyewe ukalia vibaya, nyuzi mbili za ndani zikakatika. Doa la jua lilikuwa limeshafika usawa wa dohani za magharibi. Mapaa yote yaliacha michezo yao, muziki ukazimwa nyumba moja baada ya nyingine, na Popat akasahau kusema. Hata marehemu wengine walikuwa wamesimamisha tiara zao, zikining'inia kuzunguka ile nyekundu. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa paa letu, na nilipotazama chini nikaona nimeuponda mkate wa watu mkononi.

Halafu kikaja kingine. Kilibana, kikasubiri, kikatoka kwa kishindo ambacho Kanku alikisikia mpaka kwenye meno. Uzi ukakaza wote. Alivuta kwa mkono mzima, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta wa paa, na uzi wa Valji ukakatika.

"Nimekata!" ulipaza sauti mtaa mzima, watu wasiokuwa na hata uzi mkononi, wanawake, watoto, mlinzi wa kiwanda, shemeji wa yule jirani labda naye huko juu. Sufuria zilipigwa. Popat alikuwa akilia ndani ya kipaza sauti. Tiara nyekundu ilizunguka mara chache, ikatua juu ya mkeka karibu na goti la Jivi.

Dari ilifunguka. Haikuwa sinia, ilikuwa upana wa kiwanja cha harusi. Sisi tuliokuwa karibu tulimwona Valji akipita, amevaa shati lake la kazini, akijipukuta mabegani, bila haraka. Hakugeuka. Mtu aliyemaliza zamu hageuki. Baada yake tukaona buluu.

Loo, siku ile! Jua lilishuka juu ya paa la Jivi likiwa la njano kabisa, na watu wakalikimbilia wakigombania ngazi. Mmoja alileta mtoto mchanga, mwingine akaleta magodoro, mwingine mitungi ya achari iliyokuwa imegoma kuiva tangu mwaka jana. Mke wa Ranchhod aliinua uso akafumba macho. Hewa ilikuwa ikivutwa kwenda juu kupitia lile tundu, ikachukua na vumbi, na karatasi, na harufu ya makaa, na kwa mara ya kwanza nilivuta pumzi mpaka mwisho nikaona kumbe ina mwisho. Tulicheka ovyo. Popat alisema hata yeye hajui tunacheka nini.

Tajiri Tribhovan naye alikuja. Alivua viatu chini, akapanda ngazi na boksi jingine la jelebi, akamgusa Kanku kichwani kwa baraka. Akasimama katikati ya mwanga. Alivua miwani, akalowesha kidole kwa ulimi, akakiinua juu, akatabasamu kwa furaha ya kweli, maana si mtu mbaya wa moyo.

"Mvuto mzuri sana," alimwambia mhandisi wake. "Bomba likifika hapa, moshi unapanda wenyewe."

Matanuri mapya yaliwashwa keshokutwa yake kama ilivyopangwa. Kabla mwezi haujaisha dohani zake zilikuwa zimeelekezwa kwenye tundu, na kwa kweli kwa juma moja nguo zilikauka nyeupe kwenye kamba, na kila mtu alimsifu tajiri. Habari zikafika miji ya jirani kwamba Makanvad kuna tundu lenye mvuto. Kiwanda kimoja cha vyoo vya kauri kikahamia. Kikaja cha mabomba kwa sababu cha vyoo kilikuwepo. Wapwa zangu wote wawili walipata kazi. Sikukuu ya rangi ilipofika tundu lilikuwa limejaa kama chungu, kisha likajifunga, na dari ikawa imeshuka kidogo kuliko mwanzo. Kwenye ukuta wa ofisi ya kiwanda sasa kuna picha ya Valji yenye kibandiko kinachowaasa wafanyakazi kuhusu tumbaku.

Jivi hakuwahi kufanya kazi kiwandani. Alichofanya ni kukung'uta mashati ya mumewe kila jioni kabla ya kuyafua, mlangoni, miaka yote ile. Mwezi wa nne alishindwa kupanda ngazi. Siku moja ya mapumziko alimwambia Kanku amletee kutoka kiwandani unga wa kioo wa kung'arishia vigae, ule mkavu wenye makali zaidi, na uzi mpya. Alisema dari imekuwa nene, uzi wa kawaida hautapenya. Yeye atateremsha tiara ya kijani, kwa sababu nyekundu haijawahi kumpendeza.

Walipika gundi ya wali, wakachanganya unga, wakafunga uzi kwenye nguzo za ua, wakaanza kuupaka, Jivi akiwa amekaa upande wake kwenye kigoda na Kanku upande wake.

"Kile cha mwisho hakikuwa kikohozi chake," Jivi alisema baada ya muda.

Kanku aliuliza kipi.

"Siku ile. Nimelala nacho ubavuni, nakijua. Kile alikuwa anaigiza."

Kanku aliendelea kupaka. Alipaka mpaka mwisho wa uzi wa kwanza, akarudi mwanzo, akapaka tena palipokuwa pameshapakwa.

"Mimi lakini sijui kuigiza," Jivi akasema. "Itabidi uvute kweli."

Halafu akakohoa. Vidole vyake vilijikunja juu ya uzi mbichi, uzi ukakaza kutoka nguzo hadi nguzo, na Kanku, aliyekuwa ameushika upande wa pili, akakisikia chote. Akaachia taratibu ili vioo visimkate mama yake, akaenda kumletea maji.